Barua ya wazi: Sinema za Mji Mkongwe nazo ni urithi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya urithi, utamaduni na kumbukumbu za Zanzibar

YAH: KUPOTEA KWA HISTORIA YA SINEMA ZA MJI WA ZANZIBAR

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Husikeni na kichwa cha khabari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeshaipita. Nimepeleka barua, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimerudi kuulizia, nikaambiwa faili liko juu. Nimerudi tena, aliyelipokea amehamishwa na aliyekuja nafasi yake halijui. Hakuna aliyenivunjia heshima. Kila mara nimepewa kiti na kuombwa nistahamili. Lakini gharama ya kustahamili kwangu inabebwa na watu wengine. Wazee waliouza tiketi, walioendesha mashine, waliobandika mabango na waliojaza viti vya sinema za mji huu tunawazika, na wengi wao hatujawauliza hata suali moja.

Malalamiko yangu ni haya. Tunaeleza vizuri khabari za wafalme, za biashara ya watumwa, za milango ya kuchonga na za karafuu. Tukifika karne ya ishirini, kwenye raha na mapenzi na mazungumzo ya watu wa kawaida wa mji, tunanyamaza. Na kwa miaka mingi ya karne hiyo, raha ya mji huu ilikuwa sinema.

Niruhusuni nianze na historia yenyewe, kwani kila nilipokaa mbele ya meza za wahusika nimeona kuwa haijulikani, na asiyejulishwa jambo hawezi kulilinda.

Ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, walianza kuonesha picha zao zinazotembea kwa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Disemba 1895. Tarehe 7 Julai 1896 picha hizo zilikuwa zimeshafika Bombay, katika Hoteli ya Watson. Wiki saba baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zililipiga mizinga jumba la Mfalme hapa kwetu, katika vita ambavyo dunia nzima inavitaja kuwa vifupi kuliko vyote. Kila mgeni anayeshuka Malindi husimuliwa vita vile. Ile safari ya picha kutoka Bombay kuja huku hasimuliwi na mtu, ingawa ndiyo iliyobadilisha jioni za watu wetu kwa karibu karne nzima.

Na ilikuwa lazima zipitie Bombay. Zanzibar ya wakati ule ilitazama baharini upande wa India kuliko ilivyotazama bara. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi, meli za stima zikafuata njia ile ile, na hata fedha yetu ilikuwa rupia mpaka 1936, ilipoondolewa na kuingizwa shilingi ya Afrika Mashariki kwa kima cha rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Mtu aliyeingia sinema kabla ya hapo alilipa kwa fedha ya rupia. Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri zao. Sauti zetu zilikwenda kwa njia hiyo, na picha zao zikaja kwa njia hiyo hiyo.

Maonesho ya mwanzo yalikuwa ya kuhamahama. Mtu alikuja na mashine, kitambaa cheupe na mikanda michache, akaonesha mpaka watu wakaichoka, akaondoka. Aliyeifanya sinema iwe biashara ya kudumu hapa ni mfanyabiashara wetu wa Zanzibar, Hassanali Adamji Jariwalla. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mji ulipata ukumbi wa Royal pale Vuga, uliochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza ambaye baadaye, kuanzia 1922 hadi 1924, alikuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza hapa. Ni Sinclair huyo huyo aliyechora Beit el Amani, lililofunguliwa 1925. Jumba moja lake tunalienzi kwa kuwa ni makumbusho. Jengine liliungua moto katika miaka ya 1950, na juu ya kiwanja chake ikajengwa Majestic, iliyofunguliwa 1955 kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania. Ukiongeza Empire, Sultana na Cine Afrique, unapata mji mdogo wa vichochoro ambao mtu aliweza kutoka nyumbani kwa miguu na kuchagua picha ya kuitazama jioni ile. Miji mingapi ya ukubwa wetu katika pwani hii ilikuwa na bahati hiyo?

Sasa niingie katika hoja zangu.

1. Tumewaachia wakoloni waandike historia ya watazamaji wetu.

Mtafiti akitaka kujua sinema ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, karatasi atakazozikuta kwa urahisi ni za serikali za kikoloni. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kuwatengenezea Waafrika filamu za kufundishia. Wakatoa filamu fupi 35 hivi: kilimo, afya, kuweka akiba posta. Mwaka 1939 Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni. Nyuma ya kazi hizo kulikuwa na imani kwamba Mwafrika hawezi kuifuata picha inayokwenda mbio, kwamba lazima aoneshwe jambo moja moja, polepole, bila ya hila za kamera.

Wakati maneno hayo yanaandikwa, watu wa Malindi, Kikwajuni na Miembeni walikuwa na miaka mingi ya kukaa mbele ya kitambaa. Walishaona picha bubu za Marekani, walishaona za Kihindi, na tangu filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, itoke mwaka 1931, haikuchukua muda mrefu picha za kuimba na kusema zikawafikia na wao. Za Misri nazo zikaja, na hapa palikuwa na watu wengi waliozifahamu kwa Kiarabu chao. Mtazamaji wa Zanzibar alikuwa mjuzi. Alijua kulinganisha waigizaji, alijua picha ipi imekatwa na wakaguzi wa serikali, alijua wimbo gani umepigwa na bendi gani. Wakaguzi wenyewe walikuwapo kwa sababu serikali ilikuwa na khofu ya kile ambacho watu wangekifahamu. Kama mtazamaji asingefahamu kitu, kulikuwa na haja gani ya kumkatia mikanda?

Ushahidi wa ujuzi huo umo ndani ya vichwa vya wazee wetu na katika matangazo ya magazeti ya zamani, kama vile Samachar ya Kigujarati na Kiingereza, ambayo msomaji wa Kiswahili wa leo hana njia ya kuyafikia. Tukikaa kimya, ile nadharia ya Vugiri ndiyo itakayobaki kwenye maktaba za dunia.

2. Wanawake wamefutwa kabisa.

Hii ndiyo hoja inayoniuma kuliko zote, na ndiyo iliyoniingiza katika suala hili.

Mama yangu mzazi hakuwahi kukaa baraza ya kahawa. Hakuwahi kwenda kwenye mkutano wa siasa, wala hakusimama Forodhani usiku na wenzake akala mishikaki. Binti wa umri wake, kwa malezi ya nyumba yao, hakuwa na ruhusa hizo. Lakini sinema alikwenda. Kulikuwa na maonesho ya mchana ya wanawake peke yao, na yeye na dada zake na jirani zao walikwenda kwa makundi, buibui hili na buibui lile, wameshika watoto, wamefunga njugu na bisi kwenye ncha za kanga. Ndani ya ukumbi mabuibui yalishushwa mabegani. Mwanamke wa Kihindi, wa Kingazija, wa Kiarabu, wa Kiswahili, wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, wote walikaa humo wanatazama picha moja na kulia kilio kimoja. Aliyejua Kihindi aliwafasiria wa safu yake kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha, kwani ndiyo kazi iliyotakiwa.

Mama alipoitazama Mother India ya mwaka 1957, ile ya Nargis, alirudi kuitazama tena na tena mpaka nyimbo zikamkaa. Anaziimba mpaka leo akichambua mchele. Hajui neno moja moja lina maana gani, lakini anajua mama yule anaimba kwa uchungu upi, na ukimuuliza atakusimulia kisa chote, tangu deni la mkopeshaji mpaka ile risasi ya mwisho, na atakwambia pia mwanamke gani katika mtaa wao alikuwa na kisa kama kile na hakuwahi kumwambia mtu ila baada ya picha. Mambo ya ndoa, ya mume mkali, ya binti aliyependa asipotakiwa kupenda, yalipata pa kusemewa kwa sababu yalishasemwa na watu wa kwenye kitambaa.

Nitajieni mahali pengine mjini, katika miaka ile, ambapo wanawake mia kadhaa wa kila kabila na kila mtaa walikutana mchana, kwa khiari yao, kwa furaha yao, bila ya harusi wala msiba. Mimi sipajui. Na bado katika maelezo yote ya urithi wa mji huu yaliyowahi kupita mikononi mwangu, sijakuta sentensi moja inayosema hivyo.

Wala athari ya sinema haikuishia ukumbini. Taarabu yetu ya pwani imejaa mahadhi ya picha za Kihindi. Juma Bhalo wa Mombasa alijengea jina lake kwa hayo. Na ule mpangilio wa ala za fidla na kanuni wa vikundi vikongwe kama Ikhwani Safaa, vilivyokuwa vikisikiliza Misri kwa sikio la makini, ulipata nguvu mpya watu walipoanza kuwaona waimbaji wa Misri, Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, wanaimba kwenye kitambaa mbele ya macho yao. Tunaihifadhi taarabu na tunaiita urithi. Ukumbi ambamo sehemu ya taarabu hiyo ilisikika kwanza tunauacha uote miti.

3. Watu wa chumba cha mashine wanakwenda na ujuzi wao.

Palikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, opereta wa sinema kwa sehemu kubwa ya uhai wake. Jina lake nalihifadhi, kwani aila yake haikuomba kutajwa. Alinieleza kazi ile kwa mikono zaidi kuliko mdomo, nami naieleza hapa ili muone ni ujuzi wa aina gani tunaoupoteza.

Chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili. Mkanda mmoja wa futi 2,000 hudumu dakika ishirini na ushei tu, na picha ya Kihindi huenda saa tatu. Kwa hiyo mashine moja ikiwa inaonesha, ya pili inasubiri ikiwa imeshavishwa mkanda unaofuata. Opereta anatazama kitambaa kupitia tundu dogo ukutani. Kwenye kona ya juu kulia ya picha hutokea alama ndogo ya duara, kwa kitambo kisichotosha hata kupepesa macho: anawasha mota ya mashine ya pili. Baada ya sekunde chache alama ya pili: anafunga huku, anafungua kule. Akifanya sawa, watu mia kadhaa huko chini hawajui kuwa kuna lolote lililotokea. Akichelewa, ukumbi mzima unampigia miluzi.

Taa yenyewe ilikuwa moto wa vijiti viwili vya makaa vinavyotupiana cheche za umeme. Vinaungua kadiri vinavyowaka, basi opereta huvisogeza usiku kucha, akipima kwa rangi ya mwanga. Na mikanda ya zamani, kabla ya kuja ile salama katika miaka ya 1950, ilikuwa ya nitreti, kitu kinachoshika moto kwa wepesi na kisichozimika hata kikitiwa majini. Ndiyo maana chumba cha mashine kilijengwa kama ngome, na vile vitundu vya ukutani vikawekewa vifuniko vya chuma vya kuangushwa mara moja.

Mzee yule alinieleza pia kuhusu vijana wa baiskeli. Kopi ya picha ikiwa moja na kumbi mbili zinaitaka usiku ule ule, ukumbi wa pili ulianza baadaye kidogo, na kijana akapokea kopo la mkanda uliokwisha kuoneshwa, akalifunga nyuma ya baiskeli, akakata vichochoro kwenda kwengine, kisha akarudi kuchukua la pili. Watu waliokuwa barazani walimpisha wakimjua anachobeba. Fikirini: mji mzima ulikuwa na saa yake ya ndani, na kijana yule ndiye aliyeikimbiza.

Nilimuomba mzee akubali kurikodiwa, akakubali. Nikaomba msaada wa kinasa sauti na mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo. Nikaambiwa nisubiri bajeti. Mzee amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nina karatasi nilizoandika kwa mkono wangu nikimsikiliza, na hizo si sawa na sauti yake.

4. Majengo.

Hapa sitasema mengi, kwani mnayaona wenyewe kila siku mkipita. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka, na watu wakafa chini ya kifusi. Baada ya siku ile hakuna tena wa kusema kuwa jengo la kale linaweza kusubiri. Kama jumba maarufu kuliko yote limeanguka, kumbi za sinema, ambazo paa lake ni pana na halina nguzo katikati, zina usalama gani? Zipo jitihada za wananchi na wapenzi wa majengo za kutaka Majestic ifufuliwe, na nazipongeza kwa dhati. Haifai mzigo huo ukaachwa mabegani mwao.

5. Vitu vinauzwa kwa kilo.

Niliona kwa macho yangu, kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, gurudumu la mkanda wa sinema, bati la taa ya mashine lenye tundu la lenzi, na safu ya viti vinne vya kukunja vilivyofungwa kwa kamba, namba bado zimo kwenye migongo yake. Nilimuuliza kijana vimetoka wapi, akanitajia jengo. Hakufanya kosa lolote. Alivinunua kwa mizani kama chuma chengine. Kosa ni kwamba hakuna orodha popote inayosema kuwa vitu hivi vina thamani zaidi ya uzito wake. Mabango ya karatasi yameshaliwa na mchwa, vitabu vya hesabu za tiketi vimefungiwa maandazi. Kila mwaka kinachobaki ni kidogo zaidi.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayonipa, kwani nimeshayasikia.

Mtasema fedha hakuna. Kurikodi mazungumzo na mzee wa miaka themanini kunahitaji simu moja nzuri, mtu mmoja mwenye adabu ya kusikiliza, na chai. Vijana wa vyuo vyetu wanaosoma historia, habari na utalii wanatafuta kazi za mafunzo kila mwaka. Sehemu kubwa ya ninayoyaomba haihitaji bajeti ya ujenzi. Inahitaji barua moja yenye saini inayosema kazi hii ianze.

Mtasema majengo mengi yana wenyewe, au mikataba, au yameshabadilishwa matumizi. Sawa. Simuombi mtu afukuzwe dukani kwake. Kibao cha ukutani hakimnyimi mwenye duka chochote, na mtu aliyekufa hatumdai hati miliki tunapoandika khabari zake.

Mtasema sinema ilikuwa ya wageni, ya Wahindi na Waingereza, si yetu. Hili ndilo nisiloweza kulinyamazia. Waliochora majengo na waliomiliki mashine walikuwa wachache. Waliojaza viti ni watu wa mji huu, na fedha ya kiingilio ilitoka mifukoni mwao: mpagazi wa bandarini, mshonaji, mvuvi, mchumaji karafuu aliyekuja mjini baada ya msimu. Katika Afrika ya Kusini sheria na desturi ziliwatenga weusi katika kumbi za sinema. Hapa mgawanyiko ulikuwa wa bei: mwenye nacho alikaa juu, asiyekuwa nacho alikaa mbele karibu na kitambaa, na chini ya paa moja wote walicheka pamoja. Sisemi ulikuwa usawa, kwani bei nayo inatenga, na katika nchi ya kikoloni ilitenga kwa rangi pasi na kuitaja. Nasema ni historia yetu, pamoja na kasoro zake. Mlango wa Kigujarati wenye vipande vya kuchonga haukuwa wa kwetu pia, mpaka ukawa wetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kumbi zenyewe ziliingia mikononi mwa Serikali, na picha za Kihindi watu wakaendelea kuzijazia foleni. Nani basi anayesema leo kuwa hazikuwa zetu?

Mtasema, na hili mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini, kwamba sinema ilikuwa na mambo yasiyopendeza, na mji wetu ni wa watu wa dini. Nami ni mtu wa dini. Wazee wetu waliokwenda sinema walifunga Ramadhani zao na kusali sala zao. Biashara ya sinema ilipungua katika mwezi mtukufu, kisha sikukuu ikija ikafurika, watoto wamevaa nguo mpya, wameshika pesa za sikukuu walizopewa na ami na shangazi, wanatoka Mnazi Mmoja kwenye pembea wanakimbilia onesho la watoto. Mji ule ulijua kuweka kila jambo kwa wakati wake. Tuwaamini waliokuwapo.

Na mtasema watalii hawaulizi. Hawaulizi kwa sababu hawajaambiwa. Hata hivyo barua hii sikuiandika kwa ajili ya watalii. Nina wanafunzi wa skuli ya sekondari wanaopita mbele ya Majestic kila asubuhi na hawajui ilikuwa nini.

Ninachokiomba ni hiki:

(a) Kazi ya kurikodi kumbukumbu za mdomo ianze mwaka huu, Unguja na Pemba, na ianze na wazee zaidi na wagonjwa zaidi. Wanawake waulizwe na wanawake. Rikodi hizo ziwekwe Nyaraka za Taifa, kwa sharti kwamba mkaazi yeyote anaweza kwenda kuzisikiliza.

(b) Matangazo ya sinema yaliyomo katika magazeti ya zamani yakusanywe, yapigwe picha na yafasiriwe kwa Kiswahili.

(c) Iwekwe orodha ya kila kumbi iliyowahi kuwapo, na kibao kwenye kila kiwanja, pamoja na viwanja ambavyo jengo halipo tena. Maandishi yawe ya Kiswahili kwanza.

(d) Itolewe amri ya muda ya kuzuia kuuzwa au kubomolewa kwa mashine, viti, makopo ya mikanda na vitabu vya kumbi hizo mpaka vikaguliwe. Kwa wafanyabiashara wa vyuma chakavu, walipwe bei ya mizani kwa kila wanacholeta. Watavileta.

(e) Ukaguzi wa usalama wa paa la Majestic na la kumbi nyengine zilizobaki ufanywe na mhandisi, na ripoti yake isomwe na umma.

(f) Tarehe 27 Oktoba ya kila mwaka, siku ambayo UNESCO mwaka 1980 ilipitisha pendekezo lake la kulinda picha zinazotembea na ambayo sasa huadhimishwa duniani, lifanyike onesho la wazi mjini. Tamasha la filamu tunalo hapa tangu 1998, na Ngome Kongwe imeshathibitisha kuwa watu wetu bado wanakaa chini ya nyota kutazama picha. Onesho la Oktoba liwe la picha walizozipenda wazee, na kiingilio kiwe bure kwao. Na kabla ya onesho hilo pawe na onesho la mchana, la wanawake peke yao.

Hoja ya (a) na ya (d) haziwezi kungojea mwaka mwengine wa fedha. Nyengine nakubali kuzizungumza kwa utaratibu wenu. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote mtakayonipangia, na karatasi zangu zote za mazungumzo na marehemu mzee wetu nitazikabidhi bila ya malipo, kwa kuandikiana.

Naomba nijibiwe kwa maandishi. Jibu hilo, liwe la kukubali au la kukataa, nitaliweka mbele ya wasomaji hawa hawa kama lilivyo.

Wabillahi tawfiq.

Mwananchi na mwalimu,
Mkunazini, Mji Mkongwe, Zanzibar

Nakala: Waliowahi kufanya kazi katika kumbi za sinema Unguja na Pemba, na aila zao. Yeyote kati yenu mwenye picha, tiketi, bango au kumbukumbu, asikitupe na asiuze kitu mpaka tuonane.